Stata Haijafa: Sifa kwa Fundi Anayepima Kabla ya Kufungua

Gari lililozeeka hutoa habari zake alfajiri, dereva anapozungusha ufunguo kwa mara ya kwanza. Stata ikiwa na nguvu, injini hushika kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Ikiwa imechoka, husikika mguno mzito wa polepole, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Kwenye barabara ya Kibiti kwenda Lindi mguno huo unafahamika sana. Magari mengi yanayofanya kazi pande hizi, Hiace za abiria, Kenta za mizigo, Land Cruiser na Land Rover za miaka ya themanini na tisini, yalikwisha kutumika kwingine kabla ya kuja kubeba mchele, nazi, korosho na samaki wa Rufiji. Bado yanatembea kwa sababu wapo watu wanaojua kuyasikiliza.

Katika watu hao nataka kumsifu fundi umeme wa magari. Kufungua nati na kufunga nati kila kijana wa gereji atajifunza kwa muda mfupi. Lililo gumu ni kuuzuia mkono usishike spana mpaka kichwa kijue kasoro iko wapi, hasa wakati mwenye gari amesimama pembeni, abiria wananung'unika, na jua linapanda. Fundi anayeweza hivyo ana elimu kubwa, na elimu hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kazi inayodharauliwa kuwa ndogo: kutafuta kwa nini mota ya umeme katika gari kuukuu imekosa nguvu.

Pande za Ndundu zinampa fundi huyo kazi ya kutosha. Hapa ndipo barabara ya kusini inapoufikia mto Rufiji. Kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu kilomita moja, magari ya Lindi na Mtwara yalivushwa kwa pantoni. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kwa miaka mingi kuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mpaka lami ilipokifikia. Barabara ya namna hiyo hulegeza kila bolti ya gari. Upande wa mashariki mto unachanika kuwa delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na hewa yake ina chumvi. Gari linaloshuka bandari ya Nyamisati kupokea abiria na mizigo ya kisiwa cha Mafia hurudi na chumvi hiyo kwenye viungio vya waya. Masika ya 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilifurika, na mwanzoni mwa Mei, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara eneo la Somanga. Stata hufungwa ubavuni mwa injini, mara nyingi upande wa chini. Maji yakipanda, huifikia kabla ya vifaa vingi.

Tuanze na kazi yenyewe ya stata. Injini ya petroli au dizeli haiwezi kujiamsha. Sharti kitu kingine kiizungushe mpaka ishike. Zamani dereva alisimama mbele ya gari akazungusha hendeli kwa mkono, na injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli ilivunja mikono ya watu. Mhandisi wa Kimarekani Charles Kettering alikuwa amekwisha kuweka mota ya umeme kwenye mashine za kupokelea fedha madukani, naye akajua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa kazi nzito mno ilimradi iwe ya sekunde chache. Kwa wazo hilo alitengeneza stata mwaka 1911, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya 1912. Mpaka leo wazo halijabadilika. Stata ya gari dogo ina nguvu ya kilowati 1 hivi, ya dizeli ya kazi hufika 2 au zaidi, na kwa sekunde hizo chache hunywa mkondo wa ampea 100 hadi 200, dizeli kubwa ikapita 300. Hakuna kifaa kingine ndani ya gari la kawaida kinachodai umeme kiasi hicho. Kwa sababu hiyo kila udhaifu wa njia ya umeme, hata ule ambao taa na redio hazitauhisi kamwe, stata itauhisi.

Sasa tazama namna fundi mzuri anavyoanza. Mwenye gari amekuja amekwisha kutoa hukumu.

"Fundi, stata imekufa. Nishushie, nimpigie mtu Dar anitafutie nyingine."

"Haijafa, mzee. Hebu washa tena niisikie."

Neno hilo la pili ndilo mlango wa ufundi wote. Stata ina lugha, na kila ugonjwa una sauti yake. Ikipiga tak moja nzito kisha hakuna kitu, solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, imevuta lakini umeme haukuvuka kuingia kwenye mota. Katika stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi, chanzo cha tak hiyo mara nyingi ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi ambavyo cheche za miaka mingi zimevila. Ikipiga tak-tak-tak ya haraka, betri ni dhaifu au kiungio kimelegea: solenoidi inavuta, msongo wa umeme unaporomoka, inaachia, msongo unapanda, inavuta tena. Ukisikia mlio mwembamba wa kitu kinachozunguka peke yake na injini haitikisiki, mota ni nzima, bendeksi, gia inayoishika injini, ndiyo inayoteleza. Kisha kuna ule mguno wa polepole. Huo ndio unaompa fundi kazi, kwa kuwa unaweza kutoka kwenye betri, kwenye waya, kwenye mota, au kwenye injini yenyewe iliyokaza.

Baada ya sikio linakuja swali. Gari linakataa asubuhi likiwa baridi, au linakataa mchana baada ya kutoka safari? Jibu hilo peke yake linagawa kazi. Linalokataa asubuhi tu linamwelekeza fundi kwenye betri. Linalokataa likiwa moto linamwelekeza kwenye stata na waya zake, kwa maana ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto; shaba ikipanda nyuzi 50, inaukinza umeme kwa moja ya tano zaidi ya mwanzo. Hiace ya zamani, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele na haipati hewa ya kutosha, ina ugonjwa huu wa mchana. Fundi huuliza pia: betri ina muda gani? Gari limepigwa rangi karibuni? Injini imeshushwa? Mwenye gari hushangaa rangi inahusianaje na stata. Fundi anajua kwamba mpiga rangi hupaka mpaka chini ya bolti ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme betrini, na rangi haipitishi umeme. Na anajua kwamba injini ikishushwa, waya wa ethi ndio husahaulika kurudishwa.

Ndipo boneti inafunguliwa, na hata hapo mkono haujagusa stata. Taa kubwa zinawashwa, halafu ufunguo unazungushwa. Taa zikizimika kabisa, fundi anaelekea kwenye betri na vibanio vyake. Zikibaki na mwanga wake wote huku stata ikigoma, anajua umeme upo ila haufiki. Zikififia sana na mota ikiguna, anajua mzigo mkubwa unavutwa. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi moja, nacho kimekwisha kupunguza mahali pa kutafuta.

Kisha mita. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Lakini fundi haamini betri iliyolala. Anamwambia mtu apige stata huku yeye akiangalia mita. Betri nzima, hata ikivutwa hivyo, haipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi. Hapo hutokea jambo linalonifurahisha kila ninapolitazama, kwa kuwa usomaji mmoja tu unaipasua kesi katikati. Betri ikiwa nzima na imejaa, lakini wakati wa kupiga msongo wake unaporomoka vibaya, maana yake mota inavuta mkondo kupita kiasi: bushi zimelika na amecha, sehemu ya mota inayozunguka, inakwaruza, au koili zimegusana, au injini imekaza. Betri ikibaki juu, tuseme volti 12, na bado stata inaguna, maana yake mota haipati mkondo wa kutosha: kuna kizuizi njiani, au kaboni zinazoipa amecha umeme zimekwisha. Mguno ni ule ule, lakini sababu zinapingana. Anayekimbilia kushusha stata hatazijua, na aliyetulia kwa nusu dakika amezijua.

Kizuizi cha njiani ndicho chenye kuhitaji akili zaidi, kwa sababu hakionekani. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri: msongo ni mkondo mara ukinzani. Ichukue kanuni hiyo mpaka kwenye terminali yenye ukoga wa kijani. Tuseme ukoga umeweka ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu. Mita ya kawaida ukiipima waya huo gari likiwa limezima itakuonyesha sifuri, na utaapa kwamba waya ni mzima. Lakini ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 zinapotea kwenye ukoga ule, na wati 225 zinageuka joto mahali padogo mno. Terminali inachemka, mota inapata makombo. Waya huo huo ungewasha taa ndogo ya ndani mchana kutwa bila kulalamika.

Wazee waliosafiri kusini kabla ya daraja watalielewa jambo hili upesi. Barabara ilipokuwa nzuri na ilipokuwa mbaya, basi likiwa jipya au bovu, idadi ya magari yaliyofika ng'ambo kwa siku iliamuliwa na pantoni ya Ndundu. Magari machache yakija, usingeona tatizo. Yakija mengi kwa pamoja, foleni ilisema ukweli. Ukoga kwenye terminali ndiyo pantoni hiyo, na stata ndiyo siku ya magari mengi.

Kwa hiyo fundi hupima njia ikiwa kazini, kipande kwa kipande. Anagusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya risasi ya betri yenyewe, na nyingine kwenye bolti nene ya stata, kisha anaomba stata ipigwe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya chanya ina mwizi. Anasogeza ncha: nguzo kwa kibanio, kibanio kwa waya, waya kwa bolti, bolti ya kuingilia solenoidi kwa bolti ya kutokea. Mahali mita inapoonyesha volti ndipo zinapopotelea. Anayejua kidogo huigusisha ncha kwenye kibanio badala ya nguzo, na hivyo huruka pale pale ambapo ukoga hupenda kujificha, kati ya risasi na kibanio. Kipimo kizima kinategemea unene wa ukoga usiozidi unene wa karatasi. Nikiona fundi anatafuta nguzo kwa ncha ya mita bila kuambiwa, najua niko mikononi mwa mtu aliyefundishwa vizuri au aliyejifundisha vizuri.

Halafu anageukia upande ambao wengi husahau. Umeme ulioingia kwenye stata lazima urudi betrini, na kurudi kwake ni kupitia mwili wa stata, bloku ya injini, waya wa ethi, bodi ya gari. Ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye mwili wa stata uliokwanguliwa kidogo, piga. Inaruhusiwa volti 0.2 hivi, ikisoma volti nzima, ugonjwa umepatikana na stata haina hatia. Kwenye pwani yenye chumvi, nusu hii ya njia ndiyo inayooza kwanza, maana imefungwa chini, kwenye chuma kinachoshika kutu, na hakuna anayeiangalia. Waya wa ethi ukikatika kabisa, mkondo hutafuta pa kupita, na mara nyingine hupita kwenye kebo ya mafuta au ya gia mpaka kebo ikaungua. Mwenye gari atabadilisha kebo na kubadilisha tena, asijue kwamba analipia kosa la waya mfupi wa ethi.

Fundi asiye na mita hakosi njia. Anachukua waya nene za kuazimia umeme, anafunga mmoja kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma cha injini, kisha anaomba stata ipigwe. Ikizunguka kwa nguvu, ethi ndiyo mbovu. Akihamishia waya upande wa chanya na stata ikaamka, kebo ya chanya ndiyo mbovu. Isipoamka popote, basi sasa ameruhusika kuishuku stata. Anapeleka pia kiganja chake kwenye kila kiungio baada ya kupiga mara mbili tatu: kilicho moto kuliko wenzake kimejitaja. Kiganja hicho kinasoma zile wati 225 bila betri wala kioo.

Mara nyingi kazi inaishia hapo: msasa, brashi ya waya, maji ya moto yenye magadi kidogo ya kuoshea ukoga, nati kukazwa, grisi nyembamba juu yake ili chumvi isirudi. Dereva anapiga ufunguo, injini inashika, anacheka. Na hapa ndipo thamani ya kazi inapotaka kupotea, kwa sababu kilichofanyika kinaonekana kidogo.

Njia ikiwa safi na stata bado inaguna, ndipo inaposhushwa. Mkono wa kwanza unafungua waya hasi wa betri, daima hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya isilipuke cheche. Stata inafutwa tope, inawekwa juu ya gunia, na inafunguliwa kwa mpangilio ambao kila kijana anayejifunza huamriwa kuukariri: skrubu hapa, vyuma vyembamba hapa, usichanganye. Kila sehemu sasa inatoa ushahidi. Kaboni fupi zilizolika hazibanwi tena vizuri na springi zake. Mapande ya shaba yanayozunguka na amecha yakiwa meusi yanahitaji msasa laini, wala si ule wa chuma, maana punje zake zinapitisha umeme na zikibaki kwenye mifereji kati ya mapande zitayaunganisha. Kisha mifereji yenyewe inakwanguliwa kwa subira kwa ncha ya msumeno. Alama zinazong'aa ubavuni mwa amecha zinasema bushi zimelika na shina limeshuka likawa linakwaruza. Matone ya risasi yaliyorukia pembeni na harufu ya vanishi iliyoungua yanasema mtu aliushikilia ufunguo muda mrefu.

Kwa nini kushikilia ufunguo kunaunguza? Jibu liko juu ya mto huu huu. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba waya ukipita mbele ya sumaku huzaa umeme. Kwa kanuni hiyo maji ya Rufiji, katika Bwawa la Julius Nyerere, huzungusha mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja, jumla 2115. Mota ni mtambo huo uliogeuzwa: ukiupa umeme, unazunguka. Lakini ukizunguka, shaba yake inapita mbele ya sumaku vile vile, na inazaa umeme wa kuupinga ule unaoingia. Mota inayokwenda kasi hujizuia yenyewe isinywe mkondo mwingi. Iliyokwama haina kinga hiyo. Hunywa kila kinachoweza kuja, na chote kinageuka joto. Dereva anayeng'ang'ania ufunguo injini ikiwa haizunguki anaipika stata. Piga kwa sekunde zisizozidi kumi, acha ipoe, piga tena. Fundi anayekwambia hivyo anakufundisha Faraday, hata kama hakutaja jina lake.

Ukarabati wenyewe una uzuri wake. Kaboni mpya zinachongwa zikae sawasawa na mviringo wa shaba. Bushi inatafutwa, na isipopatikana inachongwa kwa mchonga vyuma kutoka kwenye kipande cha shaba nyeusi. Vile vipande vya shaba vya solenoidi vilivyoliwa upande mmoja hugeuzwa au huchongwa vipya, vikawekwa kwa kimo kimoja, kwa maana kimoja kikizidi mwenzake kitagusa peke yake na kuungua upesi. Bendeksi inapata grisi kidogo tu. Nyingi hukamata vumbi la barabara na kuigandisha. Kisha stata inajaribiwa chini, fundi akiikanyaga kwa mguu kwa sababu itaruka ikipata umeme. Ikilia mlio mmoja, safi, usioyumba, anatikisa kichwa. Lakini hadai ushindi mpaka irudi kwenye gari na kuubeba mzigo, kwa kuwa stata isiyo na mzigo inaweza kudanganya.

Akili hii haiishii kwenye stata. Gari kuukuu lina mota nyingine, na kila moja hudhoofika kwa namna yake. Waipa zinapokwenda polepole masika yakiwa yamechachamaa, haraka ya watu ni kununua mota. Fundi anafungua vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa, anaiacha mota izunguke peke yake. Ikienda kasi, kosa liko kwenye vyuma vilivyokauka grisi na kushika kutu, na tone la mafuta litamaliza kazi ya spea mpya. Kioo cha mlango kinachopanda kwa kuvuta pumzi na kukwama katikati mara nyingi kina mota nzima inayopambana na mpira uliogeuka mgumu kwa jua na vumbi. Mota nyingi za vioo zina kinga ndani yake inayokata umeme zikipata joto, na baada ya dakika chache hurudi. Mwenye gari huona muujiza, fundi huona mzigo uliozidi. Anakipandisha kioo huku akikisaidia kwa viganja. Kikipanda upesi, anajua aanzie wapi. Popote mota inapokuwa dhaifu anauliza maswali matatu yale yale, kwa mpangilio ule ule: umeme unafika wote? Unarudi wote? Mzigo ni ule unaostahili? Mota yenyewe hushitakiwa mwisho.

Uzuri ninaouona katika kazi hii ni wa mpangilio. Fundi anatoka kwenye kisichogharimu kitu kwenda kwenye kinachogharimu, kutoka kwenye kinachorudishika kwenda kwenye kisichorudishika. Kila hatua inafuta sababu kadhaa, wala hakuna hatua inayoharibu ushahidi wa inayofuata. Mganga wa zahanati, hakimu wa mahakama ya mwanzo na mkaguzi wa hesabu wangejitambua ndani yake. Tofauti ni kwamba huyu anaifanya kazi hiyo chini ya mkorosho, amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa mita ya bei nafuu ambayo waya zake ameziunga mwenyewe.

Elimu hiyo inapitishwa kwa macho na masikio. Kijana huanza kwa kushika tochi na kukabidhi spana, halafu anaruhusiwa kupiga stata mkubwa wake anaposoma mita, halafu siku moja anakabidhiwa mita yenyewe na kuulizwa, "Unaona nini?" Vipo pia vyuo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha umeme wa magari, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Nawasihi vijana wa Kibiti, Ikwiriri na Ndundu waufuate utaratibu huo, kwa sababu ujuzi wanao na cheti kitawafungulia milango ambayo gereji bubu haiwezi kuifungua. Nawasihi na wakubwa wao wawafundishe sababu pamoja na mkono. Kijana anayejua kwamba terminali husafishwa ataisafisha. Anayejua volti hupoteaje ataweza kuzitafuta hata kwenye gari asilowahi kuliona.

Usalama nao ni sehemu ya umahiri. Wapo wanaogusisha bisibisi kwenye bolti mbili za stata ili kuiamsha bila ufunguo. Ni njia ya kupima inayojulikana, lakini gari likiwa kwenye gia litaruka na kumponda aliye mbele yake. Fundi mzuri huangalia gia iwe huru, huvuta breki ya mkono, huondoa watu, na haichezei cheche karibu na betri iliyotoka kuchajiwa, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ukimwona fundi anafanya hayo bila kukumbushwa, mwamini pia kwenye mambo usiyoyaona.

Linabaki jambo la malipo, nalo linanikera. Tumezoea kulipia kifaa. Fundi akishusha stata nzima, akaifunga mpya na kuacha ukoga ule ule kwenye ethi, tunamlipa bila kubisha kwa sababu tumeona boksi jipya. Yule aliyepima kwa robo saa, akakwangua bolti moja na kuliamsha gari, tunamwambia, "Kwani umefanya nini hapo?" tukampa hela ya soda. Hivyo tunawafundisha mafundi kubahatisha. Tunawaambia kwa vitendo kwamba kubomoa kuna faida kuliko kufikiri, kisha tunalalamika kwamba mafundi wa siku hizi hubadilisha spea ovyo.

Basi wewe mwenye gari kuukuu, osha terminali zako kabla ya masika na baada ya masika. Kaza waya wa ethi na uupake grisi. Usishikilie ufunguo. Na gari likikuzimikia kati ya Kibiti na Somanga, ukampata fundi anayekwambia "washa tena niisikie" kabla hajachukua spana, mpe muda wake, usimharakishe. Na akimaliza, mlipe kwa alichokijua, hata kama alichokifanya ni kukaza nati moja.